Kufundisha Jinsi Maumbile Yanavyoongoza Usanifu na Teknolojia: Mwongozo Kamili kwa Walimu

Somo la uigaji wa maumbile, yaani kubuni vyombo kwa kanuni zilizoonekana katika viumbe, hufundishwa mara nyingi kama orodha ya jozi: treni na mdomo wa ndege anayepiga mbizi, kifungio cha nguo na mbegu yenye kulabu, rangi ya ukutani na jani la yungiyungi. Mwanafunzi huzikariri jozi hizo na kuzijibu katika mtihani, lakini akiulizwa ni kitu gani hasa kilichotoka kwa kiumbe kikaingia katika chombo, hana la kusema. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu asiyeridhika na hali hiyo. Lengo lake ni kumwezesha mwanafunzi achunguze kiumbe, atambue kanuni inayokiwezesha kutenda jambo fulani, aieleze kanuni hiyo kwa sentensi isiyokitaja kiumbe chenyewe, kisha aijaribu kwa mikono yake.

Sharti hilo la kutokitaja kiumbe ndiyo nguzo ya somo zima, na historia ya urukaji inaonyesha sababu yake. Kwa karne nyingi watu waliotamani kuruka walibuni mabawa ya kupigapiga, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza ambalo jicho huliona kwa ndege; hata Leonardo da Vinci alichora mitambo ya aina hiyo. Mwaka 1799 Mwingereza George Cayley alichora katika kisahani cha fedha wazo tofauti kabisa: bawa lisilopigapiga la kukiinua chombo, na kifaa kingine cha kukisukuma mbele. Alitenganisha kazi mbili ambazo bawa la ndege huzifanya kwa pamoja. Mjerumani Otto Lilienthal naye alipima kwa makini umbo la mabawa ya ndege, hasa korongo, akachapisha matokeo yake mwaka 1889. Ndugu wawili wa familia ya Wright wa Marekani waliwatazama ndege wakipinda ncha za mabawa ili kurudisha usawa wa mwili, wakabuni waya za kuyapinda mabawa ya chombo chao, na tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa chombo chenye injini. Hawakuchukua manyoya wala mwendo wa kupiga mabawa, bali walichukua njia ya kudhibiti mlalo wa chombo hewani. Walioiga sura walibaki ardhini, na walioelewa kanuni wakaruka.

Maandalizi

Tenga vipindi sita vya dakika 40 hadi 60. Viwili viwe vya uchunguzi, viwili vya kutafuta kanuni, na viwili vya kujenga na kupima. Walimu wengi hupenda kukimbilia ujenzi kwa sababu wanafunzi huufurahia, lakini ujenzi usiotanguliwa na kanuni iliyoeleweka huzaa vinyago vya wanyama vilivyopakwa rangi na si kingine. Kama una vipindi vinne tu, punguza kimoja cha uchunguzi na kimoja cha ujenzi, na usiguse vya kanuni.

Vifaa ni vya kawaida: lenzi ya kukuzia kwa kila wanafunzi wawili au watatu, daftari lisilo na mistari, penseli, rula, mkasi, karatasi, klipu za karatasi, mrija wa kudondoshea maji, na saa inayohesabu sekunde. Hadubini ikipatikana ni vyema, ila somo halisimami kwa kukosa hadubini. Kusanya vielelezo vya asili vyenye kazi inayoonekana, kama vile majani yanayofukuza maji, mbegu zinazong'ang'ania nguo, mbegu zenye mabawa, koni za msonobari, sega tupu la nyuki, mfupa mkavu uliosafishwa na kukatwa, na magamba ya konokono. Wanafunzi wasing'oe kitu kwenye kiumbe kilicho hai, wasikaribie mizinga wala viota, na wanawe mikono kila baada ya kugusa vielelezo. Kuhusu manyoya ya ndege wa porini, fahamu kwamba baadhi ya nchi huyalinda kisheria, kwa hiyo thibitisha sheria inasemaje kabla ya kuyakusanya.

Hatua ya kwanza: Kuchunguza bila kuharakisha jibu

Mpe kila mwanafunzi kielelezo kimoja tu na umtake akichore kwa muda usiopungua dakika 15, kwanza kama kinavyoonekana kwa macho, kisha sehemu yake ndogo kama inavyoonekana kwenye lenzi. Usimweleze kitu chochote kuhusu kielelezo hicho. Mkono unaochora hulazimisha jicho kurudi mara kwa mara, na ni katika kurudi huko ndipo mwanafunzi hugundua kwamba mwiba aliouona umenyooka kumbe umejipinda kwenye ncha.

Baada ya mchoro, ukurasa unaofuata ugawanywe sehemu mbili: "Ninachokiona" na "Ninachokidhani". "Uso una vinundu vidogo" ni jambo linaloonekana. "Vinundu vinalinda jani" ni dhana. Wanafunzi huchanganya mambo haya mawili kwa urahisi sana, na kazi ya mwalimu katika kipindi hiki ni kupita mezani akiuliza swali lilelile: "Hilo umeliona, au umelidhani?" Dhana si kosa, na wala haifai kufutwa, inahitaji tu kuwekwa mahali pake ili baadaye ipimwe.

Kisha leta swali la mazingira: kiumbe hiki kinakabiliana na nini mahali kinapoishi? Kinapata wapi maji, kinajikinga vipi na joto, mbegu zake zinafikaje mbali, nani anataka kukila? Swali hili humwondoa mwanafunzi kwenye sura na kumpeleka kwenye kazi.

Koni ya msonobari ni kielelezo bora cha kufundishia hatua hii. Iweke koni kavu iliyofunguka ndani ya maji, na baada ya muda, pengine saa moja au zaidi, magamba yake yatakuwa yamejifunga. Itoe ikauke nayo itafunguka tena. Seli za magamba hayo zimekwisha kufa. Hakuna msuli, hakuna neva, hakuna chakula kinachotumika. Waache wanafunzi wakae na fumbo hilo kabla ya kuwaeleza kwamba kila gamba lina tabaka mbili zenye nyuzi zilizopangwa kwa mielekeo tofauti, na kwamba tabaka la nje hurefuka zaidi linaponyonya maji kuliko la ndani, hivyo gamba hulazimika kupinda. Kwa msonobari, hali ya hewa kavu ndiyo inayofaa kusambaza mbegu nyepesi. Kwa wasanifu wa majengo, hapo pana paneli inayofunguka na kujifunga yenyewe bila umeme: mwaka 2012 Achim Menges na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stuttgart walionyesha katika jumba la sanaa la Centre Pompidou, Paris, muundo wa vipande vyembamba vya mbao unaofunguka na kufunga kwa kufuata unyevu wa hewa peke yake.

Katika mazungumzo hayo, sahihisha kwa upole kauli kama "mti uliamua kufunga koni" au "mdudu alibuni ganda lake". Viumbe havikubuni. Katika kila kizazi vilikuwapo vyenye tofauti ndogondogo, na vile ambavyo tofauti zao ziliwasaidia kuishi na kuzaa viliacha watoto wengi zaidi. Mwanafunzi akilielewa jambo hili mapema, atajua baadaye kwa nini suluhisho la maumbile linaweza kuwa zuri ajabu na bado likawa na kasoro.

Hatua ya pili: Kuandika sentensi ya kanuni

Hapa ndipo somo linaposimama au kuanguka. Mwanafunzi aandike sentensi moja, na ikiwa lazima mbili, inayoeleza muundo gani, katika hali gani, hutenda jambo gani, na kwa sababu gani ya kifizikia au ya kikemia. Jina la kiumbe lisiwemo. Sentensi hiyo ipimwe kwa swali moja: je, mtu ambaye hajawahi kukiona kiumbe hicho anaweza kuchora kifaa kwa kuisoma tu? Kama hawezi, bado kuna kitu kilichofichwa nyuma ya jina.

Tuchukue jani la yungiyungi, au, kama halipatikani, jani la gimbi au la kabichi, ambayo nayo hufukuza maji. Mwanafunzi adondoshe maji juu ya jani lililonyunyiziwa vumbi kidogo. Ataona tone likijikusanya kuwa mviringo, likibiringika, na kuondoka na vumbi. Sentensi yake ya kwanza kwa kawaida itakuwa: "Jani ni laini sana, kwa hiyo maji yanateleza." Usimsahihishe. Mwambie asugue sehemu ndogo ya jani kwa kidole kwa nguvu, kisha adondoshe tone jingine hapo. Sehemu iliyosuguliwa ni laini zaidi ya awali, lakini tone sasa linatanda na kunata. Dhana ya ulaini imeanguka mbele ya macho yake, na ameiangusha yeye mwenyewe.

Kosa hilo la mwanafunzi lilikuwa pia imani ya watu wazima. Mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott, alipokuwa akichunguza majani kwa hadubini ya elektroni kuanzia miaka ya 1970, aliona kwamba majani yenye nyuso laini ndiyo yaliyohitaji kusafishwa kabla ya kupigwa picha, ilhali yale yenye nyuso za kukwaruza yalikuwa safi tayari. Uso wa jani la yungiyungi una vinundu vidogo mno, na juu ya vinundu hivyo kuna chembe za nta ndogo zaidi. Tone hukaa juu ya ncha tu, huku hewa ikiwa imejaa chini yake, na vumbi nalo likiwa limegusana na jani kwa sehemu ndogo. Tone likipita, vumbi hushikamana na maji kuliko na jani. Barthlott na Christoph Neinhuis walichapisha maelezo kamili ya jambo hilo mwaka 1997, na mwaka 1999 rangi ya kuta za nje iliyotengenezwa kwa kanuni hiyo ikaingia sokoni.

Sentensi ya kanuni iliyokomaa itasomeka hivi: "Uso wenye vinundu vidogo sana vilivyofunikwa na dutu isiyopatana na maji hupunguza eneo la mgusano kati ya uso na tone, na kwa hiyo tone hubiringika badala ya kutanda, na huchukua chembe zilizolegea njiani." Humo hamna jani wala bwawa. Kwa sentensi hiyo mtu anaweza kufikiria rangi, kioo, kitambaa au bati.

Kielelezo cha pili kinachofaa ni mbegu zinazong'ang'ania nguo. Mhandisi wa Uswisi George de Mestral alirudi kutoka matembezini mwaka 1941 akiwa na mbegu za namna hiyo kwenye nguo zake na kwenye manyoya ya mbwa wake, akazitazama kwa hadubini, na akaona kulabu ndogo zilizonasa kwenye vitanzi vya nyuzi, ndipo akapata wazo la kifungio cha nguo chenye kulabu upande mmoja na vitanzi upande mwingine. Hadithi hii husimuliwa kana kwamba iliishia hapo. Wasimulie wanafunzi sehemu inayoachwa: kupata nyuzi zenye uimara wa kufaa, kuzifuma kuwa vitanzi, kuzikata ziwe kulabu bila kupoteza umbo, na kufanya hayo yote kwa mashine kulichukua miaka mingi, na hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, zilipatikana katika miaka ya 1950. Nailoni, ambayo ilikuwa dutu mpya wakati huo, ndiyo iliyoweza kushika umbo la kulabu baada ya kupashwa joto. Kuona kanuni ni mwanzo. Kuipatia malighafi inayoitii ni kazi nyingine, na mwanafunzi atakayeona kifaa chake cha karatasi kinakataa kufanya kazi katika hatua ya nne atalihitaji simulizi hili.

Sega la nyuki linahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu vitabu vingi husema kwamba pembesita ni "umbo imara kuliko yote". Kauli hiyo si sahihi kama ilivyo. Mwambie mwanafunzi akokotoe mzingo wa maumbo matatu yenye eneo la sentimita za mraba 100 kila moja. Pembetatu sawa ina mzingo wa takriban sentimita 45.6, mraba una sentimita 40, na pembesita ina takriban sentimita 37.2. Duara lina mzingo mdogo zaidi, takriban sentimita 35.4, lakini maduara yakipangwa pamoja huacha nafasi kati yake. Basi kanuni ni hii: miongoni mwa njia za kuugawa uso bapa katika vyumba vyenye maeneo sawa bila kuacha nafasi, pembesita hutumia ukuta mfupi kuliko zote. Wanahisabati waliliamini jambo hilo kwa zaidi ya miaka elfu mbili, lakini uthibitisho kamili ulitolewa na Thomas Hales mwaka 1999 tu. Paneli za ndege zenye vyumba vya pembesita kati ya mabamba mawili membamba hutumia kanuni hiyo: dutu kidogo, nafasi kubwa, na mabamba yanayoshikiliwa mbali na wenzake ili paneli isipinde kirahisi. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii mwenyewe hataandika tena kwamba pembesita ina nguvu kwa sababu ni pembesita.

Mwanafunzi akikwama katika kuandika sentensi, sababu huwa moja kati ya mbili. Ama ametaja kazi bila utendaji ("husaidia kushika"), na hapo umuulize "kwa namna gani?" hadi afike kwenye kani, mgusano, joto au mtiririko, ama ametaja sehemu za kiumbe bila kusema zinafanya nini, na hapo umwambie azifute moja baada ya nyingine na kuuliza ni ipi ambayo ikiondolewa kazi haifanyiki. Kubali sentensi ziandikwe upya mara tatu au nne.

Hatua ya tatu: Kuanzia kwenye tatizo

Hadi hapa mwanafunzi ameanzia kwa kiumbe. Wahandisi mara nyingi huanzia upande wa pili: wana tatizo, nao hutafuta kiumbe kinachokabiliana na tatizo la aina hiyohiyo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa treni ya mwendo kasi ya Japani. Treni ilipoingia kwenye handaki jembamba kwa kasi kubwa, hewa iliyokuwa mbele yake ilibanwa ghafla, wimbi la mgandamizo likasafiri kwa kasi ya sauti hadi upande wa pili wa handaki, na huko likatoka kwa kishindo kilichowasumbua wakazi. Mhandisi Eiji Nakatsu, aliyekuwa pia mpenzi wa kutazama ndege, aliliuliza tatizo hilo kwa namna isiyotaja treni: ni nani anayetoka katika hali ya ukinzani mdogo na kuingia ghafla katika ukinzani mkubwa bila kusababisha mshtuko? Jibu lilikuwa mdiria, ndege anayepiga mbizi kutoka hewani hadi majini akifuata samaki, na ambaye mdomo wake mrefu hurusha maji kidogo sana.

Ufundi wa mfano huu umo katika yaliyofuata. Hawakubandika mdomo wa ndege kwenye treni. Walilinganisha maumbo mbalimbali, wakayarusha ndani ya bomba na kupima mawimbi ya mgandamizo, na umbo lililofanya vizuri likakaribiana na mdomo wa mdiria. Treni ya mfululizo wa 500 ilianza kazi mwaka 1997 ikiwa na pua yenye urefu wa mita 15 na kasi ya kilomita 300 kwa saa. Sentensi ya kanuni: "Kipenyo kinachoongezeka polepole na kwa kiwango kisichobadilika ghafla huipa hewa au maji muda wa kupisha, hivyo mgandamizo haupandi kwa mkupuo." Katika treni hiyohiyo, nguzo za kifaa cha juu kinachochukua umeme zilitiwa meno madogo yaliyotokana na uchunguzi wa manyoya ya bundi, ambaye bawa lake huuvunja mtiririko wa hewa kuwa mizunguko midogo isiyo na kelele kubwa.

Darasani, andika ubaoni matatizo manne au matano kwa lugha ya kazi na si ya vifaa. Badala ya "tengeneza feni bora", andika "ondoa joto mahali penye watu wengi bila kutumia umeme". Badala ya "gundi", andika "shikanisha vitu viwili chini ya maji". Kisha kila kikundi kitafute viumbe vitatu vinavyofanya kazi hiyo kwa njia tofauti, kwa kuwa kiumbe kimoja humfanya mwanafunzi aige, ilhali vitatu humlazimisha alinganishe. Kwa tatizo la kushikamana, kwa mfano, kome hutoa gundi ya protini inayoshika ndani ya maji, pweza hutumia vikombe vya kufyonza, na mjusi wa ukutani hutumia nywele nyingi ndogo mno ambazo, kama Kellar Autumn na wenzake walivyoonyesha kuanzia mwaka 2000, hushika kwa kani hafifu zilizopo kati ya molekuli na huachia pembe ya mguu inapobadilika. Kemia, mgandamizo na mgusano ni njia tatu zisizofanana hata kidogo, na uchaguzi kati yake hutegemea kama kitu kinahitaji kubanduliwa tena, kama uso una maji, na kama una vumbi.

Hatua ya nne: Kujenga na kupima

Jaribio ninalolipendekeza kuliko yote ni la mbegu yenye bawa, kwa sababu linahitaji karatasi tu na linatoa vipimo vya kweli. Katika baadhi ya miti mbegu nzito huwa upande mmoja na bawa upande mwingine; inapoanguka huzunguka, na mzunguko huo huichelewesha hewani hadi upepo uisogeze mbali na mti mama. Mwaka 2009 watafiti waliripoti katika jarida la Science kwamba juu ya ukingo wa mbele wa bawa hilo hujitokeza kimbunga kidogo cha hewa kinachoongeza kani ya kuinua.

Kata kipande cha karatasi chenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 18. Kutoka ukingo wa juu, kata katikati kuelekea chini kwa sentimita 8 ili kupata mabawa mawili, na uyakunje moja mbele na jingine nyuma. Sentimita moja chini ya mwisho wa mkato huo, kata kutoka kila upande kuelekea ndani kwa sentimita 1.5, kunja pande hizo ndani ili kupata mguu mwembamba, na uubane kwa klipu chini. Mtu mzima akiachie kifaa kutoka kimo cha mita 2, na wanafunzi wapime muda hadi kigusapo sakafu. Rudieni mara tano, mtafute wastani, na muandike pia tofauti kati ya muda mrefu na mfupi kabisa, kwa kuwa tofauti hiyo huonyesha vipimo vinaaminika kiasi gani.

Kisha badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: urefu wa mabawa kutoka sentimita 8 hadi 6 hadi 4, klipu moja au mbili, mabawa yote mawili kukunjwa upande mmoja. Kabla ya kila jaribio, mwanafunzi aandike utabiri wake na sababu. Mabawa yakifupishwa kifaa huanguka haraka zaidi, na yakikunjwa upande mmoja mzunguko hupotea. Waulize wanafunzi pia kifaa chao kinatofautiana vipi na mbegu halisi. Kina mabawa mawili, mbegu nyingi za aina hii zina moja. Kina uzito katikati, mbegu ina uzito pembeni. Yaliyobaki yakifanana ndiyo kanuni.

Jaribio hili lina mtego mmoja wa kielimu. Helikopta ambayo injini yake imezimika huweza kushuka salama kwa sababu hewa inayopanda huendelea kuizungusha panga lake, na wanafunzi watasema mara moja kwamba helikopta iliiga mbegu. Kufanana huko ni kwa kifizikia, na hakuthibitishi kwamba mbuni alijifunza kwa mbegu. Wafundishe watofautishe kauli tatu: "kinafanana na", "kinafuata kanuni ileile", na "kilitokana na uchunguzi wa". Kauli ya tatu inahitaji ushahidi wa kihistoria kama ule wa de Mestral au Nakatsu.

Hatua ya tano: Kuhoji madai

Uwanja huu umejaa madai yanayovutia, na ninaamini mwanafunzi anaheshimiwa zaidi anapopewa ukweli wenye utata kuliko hadithi iliyonyooka. Mfano wa kufundishia ni jengo la Eastgate la Harare, Zimbabwe, lililofunguliwa mwaka 1996 na kusanifiwa na Mick Pearce. Jengo hilo halitumii mfumo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku hewa baridi hupitishwa kwenye njia zilizo kati ya sakafu na kuupoza uzito mkubwa wa zege. Mchana zege hilo hufyonza joto, na hewa yenye joto hupanda na kutoka kupitia mabomba ya juu. Pearce alivutiwa na vichuguu vya mchwa, ambavyo wakati huo viliaminika kuwa hupitisha hewa kwa namna hiyo ili kiota kibaki na jotoridi moja.

Baadaye Scott Turner na Rupert Soar walichunguza vichuguu vya mchwa wa jenasi Macrotermes nchini Namibia, na mwaka 2008 wakaeleza kwamba jotoridi la kiota hufuata lile la udongo unaokizunguka na hupanda na kushuka kwa majira, na kwamba kichuguu hufanya kazi kwa kubadilishana gesi na upepo wa nje, kwa namna iliyo karibu zaidi na mapafu kuliko na bomba la moshi. Dhana iliyomvutia msanifu haikuwa sahihi kuhusu mchwa, na jengo likaendelea kufanya kazi, kwa kuwa fizikia ya zege na hewa ya usiku ni sahihi bila kutegemea mchwa. Liweke jambo hili mezani kama mjadala wa kipindi kizima: je, jengo hilo limeiga maumbile? Kuna nini bado katika kichuguu halisi ambacho hakuna jengo lililokwisha kukitumia?

Mavazi ya kuogelea yaliyosemwa kuwa yameiga ngozi ya papa ni mfano wa pili. Ngozi ya papa imejaa magamba madogo kama meno yenye mifereji inayofuata mwelekeo wa maji, na mifereji myembamba ya namna hiyo ikibandikwa juu ya ndege hupunguza kweli msuguano wa hewa kwa asilimia chache. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipopima kitambaa cha mavazi hayo mwaka 2012, hawakuona mistari iliyo juu yake ikifanya kazi ya magamba ya papa. Maneno yaliiga ngozi ya papa, kitambaa hakikuiga.

Ongeza kwa ufupi kwamba maumbile yenyewe yana mipaka. Jicho la binadamu lina doa lisiloona kwa sababu nyuzi za neva hupita mbele ya tabaka linalopokea mwanga na lazima zitoboe mahali pa kutokea, ilhali jicho la pweza halina kasoro hiyo. Kiumbe hurithi mwili wa wazazi wake na hakiwezi kuanza upya, mhandisi anaweza.

Kupima uelewa

Nashauri alama 100 zigawanywe bila usawa: 20 kwa michoro na uchunguzi, 40 kwa sentensi ya kanuni na namna ilivyoboreshwa kutoka rasimu ya kwanza, 30 kwa jaribio na vipimo vyake, na 10 kwa kutaja waziwazi tofauti kati ya kifaa na kiumbe. Uzuri wa kifaa usipewe alama. Kifaa kilichoshindwa lakini kikaelezwa vyema kwa nini kimeshindwa kipate alama sawa na kilichofanikiwa, na uwatangazie wanafunzi hilo tangu kipindi cha kwanza, la sivyo watarekebisha vipimo vyao.

Kwa watoto wa miaka 8 hadi 10, hatua ya kwanza na ya nne zinatosha, na sentensi ya kanuni inaweza kusemwa kwa mdomo. Wale wa miaka 11 hadi 13 waweze kufanya hatua zote isipokuwa mjadala wa ushahidi, ambao ufupishwe. Kuanzia miaka 14, wape mahesabu ya mzingo, wastani na tofauti za vipimo bila kuwapunguzia.

Tathmini ya mwisho iwe ya ana kwa ana na ichukue dakika 10 kwa kila mwanafunzi. Mpe kielelezo ambacho hakukutana nacho darasani, lenzi na karatasi, na umtake atoe sentensi moja ya kanuni na jaribio moja linaloweza kuonyesha kwamba sentensi hiyo si kweli. Anayetaja umbo tu arudishiwe lenzi na aulizwe sehemu ipi ikiondolewa kazi itasimama. Wengi wao, wakipewa nafasi hiyo ya pili, hufika.